Programu za FPGA: jinsi ya kusakinisha na kuwasha bila kumaliza bando

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa umeme na kompyuta hushindwa na FPGA kabla hata ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo. Kinachowashinda ni usakinishaji. Faili kamili la programu ya Vivado, katika matoleo ya miaka ya karibuni, linakaribia au kuzidi GB 100. Mtu anaweka bando la usiku, anaacha laptopu ikishusha mpaka alfajiri, halafu anakuta mzigo umekatikia njiani. Au mbaya zaidi: mzigo umefika salama, umejaza diski, na ndipo anagundua kwamba programu yenyewe haiitambui kabisa bodi iliyo mezani kwake.

Hasara zote mbili zinaepukika. Programu za FPGA zipo nyingi, nyingine zinakula makumi ya GB na nyingine ni MB mia kadhaa tu. Na anayeamua ipi ipakuliwe si mtumiaji wala video ya YouTube. Ni chipu.

FPGA ni kitu gani

FPGA ni chipu inayotoka kiwandani ikiwa haina kazi maalumu. Ndani yake kuna vipande vidogo vingi vya lojiki, na nyaya zinazoweza kuunganishwa upya kwa kutumia faili. Kwenye Arduino, mtu anaandika maagizo na prosesa inayafuata moja baada ya jingine. Kwenye FPGA anaeleza saketi yenyewe, kwa lugha kama Verilog au VHDL, na chipu inageuka kuwa saketi hiyo. Kesho akitaka saketi nyingine, anapakia faili jingine.

Chipu ya kwanza ya aina hii kufanikiwa kibiashara ilikuwa XC2064 ya kampuni ya Xilinx, mwaka 1985. Ilikuwa na vipande 64 vya lojiki. Leo bodi ndogo ya kujifunzia kama Tang Nano 9K ina 8,640.

Kutoka msimbo hadi chipu kuna hatua nne: kugeuza msimbo kuwa saketi, kuipanga saketi hiyo ndani ya chipu na kuunganisha nyaya zake, kutengeneza faili la biti, kisha kulipakia kwa USB. Ili ifanye hatua ya pili, programu inahitaji ramani ya ndani ya kila chipu inayoihudumia, pamoja na muda ambao umeme unatumia kupita kwenye kila waya. Hizo ramani ndizo zenye uzito. Programu inayohudumia familia 10 za chipu inabeba ramani za zote 10, hata kama mtumiaji ana moja tu.

Kwanza, herufi zilizo juu ya chipu

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa kupakua, bodi inageuzwa kuelekea kwenye mwanga na herufi za chipu kubwa zinasomwa. Tochi ya simu inasaidia, na kamera ya simu ikivutwa karibu inasaidia zaidi.

Ikianza na XC7A, hiyo ni Artix-7, familia iliyo kwenye bodi kama Basys 3 na Arty A7. Programu yake ni Vivado. Ikianza na XC6SLX, ni Spartan-6, na hapa ndipo wengi wanapoumia: Vivado haiitambui Spartan-6, ya matoleo yote. Chipu hiyo inataka programu ya zamani iitwayo ISE, ambayo toleo lake la mwisho, 14.7, lilitoka mwaka 2013. Kwa Windows 10 ISE hiyo inakuja ndani ya mashine pepe ya VirtualBox, kwa hiyo laptopu yenye RAM ndogo itahema.

Upande wa Altera mambo ni hayo hayo. EP4CE ni Cyclone IV, iliyo kwenye DE0-Nano. Namba 10M50 ni MAX 10, iliyo kwenye DE10-Lite. Hizo mbili zinahudumiwa na Quartus Prime Lite. Lakini EP2C, yaani Cyclone II ya bodi za zamani za DE1 na DE2, ilihudumiwa mwisho na Quartus II 13.0 SP1. Anayeshusha Quartus mpya kwa ajili ya DE2 ya kabatini ameshusha bure.

Zikionekana herufi iCE40 au LFE5U, ni chipu za Lattice. GW1N na GW2A ni za Gowin, kampuni ya China, na ndizo zilizo kwenye bodi nafuu za Tang Nano.

Majina ya kampuni nayo yanachanganya. AMD ilikamilisha kuinunua Xilinx mwaka 2022, kwa hiyo mwongozo unaosema Xilinx na ukurasa unaosema AMD vinazungumzia kitu kimoja. Intel iliinunua Altera mwaka 2015, Quartus ikawa ya Intel, kisha jina la Altera likarudishwa mwaka 2024. Namba za chipu hazikubadilika muda wote huo, ndiyo maana ni salama kufuata namba kuliko nembo.

Vivado: mzigo mzito

Vivado ilitoka mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ISE. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Mwenye MacBook hana toleo lake.

Kupakua kunahitaji akaunti ya AMD, kisha fomu ya jina, taasisi na anwani. Fomu hiyo si ya mapambo: inahusiana na sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia nje ya nchi. Jina la utani au anwani ya kubuni inaweza kufanya ombi likwame. Anwani ya kweli, kwa herufi za kawaida, ndiyo njia fupi.

Ukurasani kuna faili mbili za kuchagua. Moja ndiyo hilo kubwa la GB 100. Jingine ni kisakinishi cha mtandaoni, chenye MB mia kadhaa, ambacho kikishafunguliwa ndicho kinachoshusha vinavyohitajika tu. Kwa mtu wa bando, hilo kubwa halina kazi.

Kisakinishi kikiuliza bidhaa, jibu ni Vivado. Vitis inaongeza mzigo na haihitajiki kwa anayeanza na Verilog. Kikiuliza toleo, jibu ni Standard, ambayo ni ya bure na haidai faili la leseni kwa chipu ndogo za kujifunzia. Kisha linakuja dirisha la maana kuliko yote, lenye orodha ya familia za chipu zikiwa na alama za tiki. Hapo tiki zote zinaondolewa, inabaki Artix-7 peke yake, au familia ile iliyosomwa kwenye bodi. Bado itachukua makumi ya GB kwenye diski, lakini kupakua kunapungua sana.

Kuna chaguo jingine ndani ya kisakinishi hicho ambalo watu hulipita bila kuliona: kushusha faili kwanza na kusakinisha baadaye. Darasa linalotumia bodi za aina moja linaweza kushusha mara moja kwa WiFi ya chuo, likaweka kwenye diski ya nje, kisha kila mmoja akasakinisha kwenye laptopu yake bila kugusa bando. Watu 15 wakishusha kila mmoja kivyake, ni mzigo ule ule mara 15.

Folda ya kusakinishia iwe na njia fupi isiyo na nafasi katikati ya maneno. Kwenye Windows, njia ndefu kupita herufi 260 huzingua Vivado katikati ya kazi. Folda kama C:\fpga inaondoa tatizo hilo. Folda ya Desktop, ndani ya OneDrive, ndani ya jina lenye maneno matatu, inalikaribisha.

Kwenye Ubuntu, baadhi ya matoleo huganda karibu na mwisho, yakionyesha maandishi "Generating installed device list" saa nzima. Si kwamba kompyuta ni nzito. Kisakinishi kinatafuta maktaba ya zamani iitwayo libtinfo5 na hakiioni. Ubuntu 22.04 bado inayo na inasakinishwa kwa amri moja ya apt, Ubuntu 24.04 imeiondoa kwenye hazina yake. Aliyejua hilo mapema anaisakinisha kabla ya kuanza.

RAM ya GB 8 inatosha kwa chipu ndogo za Artix-7. Kwa GB 4 kazi inawezekana kwa taabu, hasa kivinjari kikifungwa na Vivado ikiendeshwa bila madirisha yake:

vivado -mode batch -source jenga.tcl

Imesakinishwa, lakini haiwaki

Hili ndilo swali linalorudiwa kuliko yote kwa watumiaji wa Linux. Programu ipo kwenye diski, mtu anaandika vivado kwenye teminali, anajibiwa kwamba amri haijulikani. Usakinishaji haujaharibika. Teminali haijaambiwa programu ilipo. Inaambiwa kwa kusoma faili liitwalo settings64.sh:

source /tools/Xilinx/Vivado/2023.2/settings64.sh
vivado

Njia hiyo inabadilika kulingana na toleo na folda iliyochaguliwa, kwa hiyo ni vizuri kulitafuta faili lenyewe kuliko kunakili mstari wa mtu mwingine. Na athari yake inaishia kwenye teminali ile ile. Ikifungwa, mstari unarudiwa. Wanaotumia Vivado kila siku huuweka kwenye faili la .bashrc, ingawa unaweza kugongana na programu nyingine, kwa sababu Vivado inakuja na maktaba zake yenyewe.

Draiva za kebo nazo, kwenye Linux, hazijisakinishi. Ndani ya folda ya Vivado kuna sehemu iitwayo data/xicom/cable_drivers, na humo kuna skripti ya install_drivers inayotakiwa kuendeshwa kwa sudo. Bila hiyo, Vivado itafunguka vizuri, itajenga faili la biti vizuri, kisha itasema hakuna bodi iliyounganishwa.

Quartus

Quartus Prime Lite ni ya bure na haina haja ya leseni. Uzuri wake ni kwamba ukurasa wa kupakua unaruhusu kuchukua programu yenyewe na faili la familia moja ya chipu, vyote vikawekwa kwenye folda moja kabla ya kuanza kusakinisha. Mwenye DE10-Lite anachukua faili la MAX 10, basi.

Kuna mitego miwili. Programu ya Questa, inayotumika kuigiza saketi kabla ya kuipakia, inahitaji faili la leseni japo ni ya bure. ModelSim iliyokuja na Quartus za hadi 20.1 haikuhitaji. Na kwenye Windows, draiva ya USB-Blaster mara nyingi inabidi ielekezwe kwa mkono kupitia Device Manager, kwenye folda ya drivers iliyo ndani ya Quartus.

Njia nyepesi

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia nyingine. Kampuni hazikuchapisha mpangilio wa faili za biti za chipu zao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutengeneza programu mbadala. Mwaka 2015 mradi wa IceStorm, wa Claire Wolf na Mathias Lasser, ulivunja ukimya huo kwa chipu za iCE40: walichunguza faili za biti mpaka wakajua kila biti inafanya nini, wakaandika yote hadharani. Pamoja na Yosys, inayogeuza Verilog kuwa saketi, na baadaye nextpnr, inayopanga na kuunganisha, safari nzima iliwezekana kwa programu huria. ECP5 na Gowin zikafuata.

Leo vyote hivyo vinapatikana katika kifurushi kimoja kiitwacho OSS CAD Suite, kilichopo GitHub kwenye akaunti ya YosysHQ. Ukubwa wake ni MB mia kadhaa kikiwa kimebanwa. Hakuna akaunti, hakuna fomu, hakuna leseni, na kinafanya kazi Windows, Linux na Mac. Hakisakinishwi hata: kinafunguliwa tu kwenye folda. Toleo jipya hutoka karibu kila siku, lakini hakuna sababu ya kulifukuzia kila siku.

Kukiwasha kwenye Linux au Mac ni mstari mmoja:

source oss-cad-suite/environment

Kwenye Windows ni kubofya start.bat. Jina la OSS CAD Suite likitokea mwanzoni mwa mstari wa teminali, mambo yako sawa.

Mfano kwa Tang Nano 9K, bodi ambayo saa yake inapiga mara milioni 27 kwa sekunde na ipo kwenye pini 52. Faili la kwanza, taa.v:

module taa(input saa, output led);
  reg [23:0] hesabu = 0;
  always @(posedge saa) hesabu <= hesabu + 1;
  assign led = hesabu[23];
endmodule

Faili la pili, taa.cst, linasema kila jina liende pini gani:

IO_LOC "saa" 52;
IO_LOC "led" 10;

Kisha amri nne, kila moja kwa hatua yake:

yosys -p "read_verilog taa.v; synth_gowin -top taa -json taa.json"

nextpnr-himbaechel --json taa.json --write taa_pnr.json --device GW1NR-LV9QN88PC6/I5 --vopt family=GW1N-9C --vopt cst=taa.cst

gowin_pack -d GW1N-9C -o taa.fs taa_pnr.json

openFPGALoader -b tangnano9k taa.fs

Taa itabadilika kila baada ya sekunde 0.31 hivi, yaani mapigo 8,388,608 ya saa. Miongozo ya zamani inaandika nextpnr-gowin kwenye amri ya pili. Hilo ni jina la kabla, na ndilo chanzo cha malalamiko mengi kwamba mfano umegoma. Amri ya mwisho inaweka saketi kwenye kumbukumbu ya muda: bodi ikichomolewa, inapotea. Ikiongezwa -f, inabaki.

Njia hii ina mipaka yake. Kwa Artix-7, programu huria bado haziwezi kuchukua nafasi ya Vivado kwa mtu anayetaka uhakika, na bodi ya DE10 inabaki kwenye Quartus. Lakini kwa anayenunua bodi ya kwanza, akiwa na laptopu ya GB 4 na bando la kupimia, bodi yenye iCE40, ECP5 au Gowin ndogo ni chaguo la busara kuliko Artix-7 ambayo programu yake haitaingia kwenye diski.

Bodi haionekani

Kebo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kebo nyingi za USB zinazouzwa pamoja na chaja za bei rahisi zina nyaya za umeme peke yake, hazina za data. Taa ya bodi itawaka, mtu atadhani kila kitu kipo, na kompyuta haitaona chochote. Kipimo ni rahisi: kebo hiyo hiyo ichomekwe kwenye simu na kompyuta, ionekane kama picha za simu zinafunguka.

Kebo ikiwa nzima, kwenye Linux tatizo huwa ni ruhusa. Wengi wanaongeza sudo na kuendelea. Inafanya kazi, lakini dawa ya kudumu ni kuweka faili la sheria za udev linalokuja na openFPGALoader, kisha kuchomoa bodi na kuichomeka tena.

Kwenye Windows, openFPGALoader inahitaji draiva ya WinUSB, na programu ndogo ya Zadig ndiyo inayoiweka. Bodi ya Tang Nano inaonekana humo ikiwa na sehemu mbili, namba 0 na namba 1. Inabadilishwa ile ya 0 tu. Ya 1 ni njia ya mawasiliano ya serial, ikibadilishwa nayo inapotea kwenye orodha ya COM. Anayetumia WSL ana kazi ya ziada, kwa sababu Linux ya ndani ya Windows haioni USB mpaka ipitishwe kwa usbipd.

Kwa mwenye simu tu

Vivado haiwezi kukaa kwenye simu. Verilog inaweza. Tovuti ya HDLBits ina mazoezi mengi ya Verilog yanayojisahihisha ndani ya kivinjari, kuanzia waya mmoja hadi saketi zenye hali nyingi, na kila jaribio linatumia data kidogo. EDA Playground inaruhusu kuandika saketi na jaribio lake, ikaigizwa kwenye kompyuta za mbali, na matokeo yakarudi kama michoro ya mawimbi, inahitaji kujisajili.

Saketi ya taa iliyo hapo juu inaweza kujaribiwa huko, ila hesabu ipunguzwe kutoka biti 24 hadi biti 4 na led isome hesabu[3]. Vinginevyo uigizaji utalazimika kupitia mapigo zaidi ya milioni 8 kabla taa haijabadilika hata mara moja.